Jirani analisha tumbili kila asubuhi, sahivi wanaingia mpaka ndani. Tufanyeje?

mama_kibustani

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuishi karibu na tumbili maana huku kwetu mambo yanaanza kuharibika. Mtaa wetu umepakana na kipande cha msitu na tumbili wamekuwepo siku zote, walikuwa wanapita juu ya miti, wakikuona wanakimbia, hakuna aliyekuwa na shida nao na wengi tulipenda kuwaangalia. Sasa kuna mama mmoja mtu mzima anaishi peke yake, ameanza kuwawekea mikate na matunda juu ya ukuta kila asubuhi, na kusema ukweli anafanya kwa huruma kabisa, kawapa majina, anawaita, na wao wakisikia tu komeo la mlango wake linafunguka wanashuka kundi zima.

Shida ni kwamba hawaishii kwake. Wakimaliza pale wanazunguka nyumba zote, wanafungua madirisha, wanapekua jikoni, wameshajua hata mifuko ya plastiki ndo inabeba chakula. Juzi dume mmoja mkubwa alimfuata mwanangu aliyekuwa ameshika mfuko. Mtoto akaganda, yule tumbili akakaa mbele yake akamkazia macho, akapandisha nyusi mpaka zile kope nyeupe zikaonekana, akafungua mdomo akaonyesha meno, alafu akauvuta mfuko ukachanika akaondoka nao taratibu bila haraka yoyote. Hakumng'ata lakini tangu siku hiyo mtoto hataki kutoka nje peke yake.

Kwenye grupu la mtaa watu wameshagawanyika. Mmoja anasema tuweke sumu, mwingine anasema tutafute watu wawatege wawapeleke msitu wa mbali, wengine wanamsema yule mama maneno mabaya ambayo kwa kweli hastahili. Mimi sitaki hao wanyama wafe na sitaki mtoto wangu aumie. Je kuna anayejua kwa uhakika kama kuwalisha ndo chanzo? Na nitaanzaje kumwambia mtu mzima kama yule bila kumvunja moyo?

mlinzi_mstaafu

Pole sana dada, na mpe pole mtoto. Nimefanya kazi ya uhifadhi miaka mingi, nikujibu moja kwa moja: ndiyo, kuwalisha ndo chanzo.

Zile kope ulizoziona ni onyo. Tumbili akipandisha nyusi akakuonyesha ule weupe anakwambia achia au nitakushambulia, na meno pia ni hivyohivyo, wala sio kucheka. Sasa jiulize tumbili wa porini anapata wapi ujasiri wa kumtishia binadamu? Anaupata kwa kuzoea. Mnyama wa porini kinachomlinda ni ile hofu yake kwa watu, akiipoteza anakuwa karibu na sisi mno, na akishakuwa karibu mno siku moja atamuumiza mtu, na siku hiyo hakuna atakayeuliza nani alimzoesha. Watamuua yeye.

Kisiwa cha K'gari kule Australia wana mbwa mwitu wanaoitwa dingo. Watalii walizoea kuwarushia chakula na dingo wakaacha kuogopa watu. Mwaka 2001 mtoto wa miaka 9 akashambuliwa akafa, na baada ya hapo dingo zaidi ya 30 wakauawa. Fikiria hilo dada, familia imepoteza mtoto, wanyama wameuawa, na ukirudi nyuma unakuta watu waliokuwa wanatupa vipande vya chakula wakiamini wanafanya wema.

Na Marekani kwenye hifadhi ya Yellowstone, zamani watu walikuwa wanakaa kwenye mabenchi kabisa kuangalia dubu wakila takataka za mahoteli, na barabarani magari yanasimama watu wanawapa chakula dirishani. Kati ya 1931 na 1969 dubu walikuwa wanajeruhi wastani wa watu 48 kila mwaka. Kufika 1970 wakabana kwelikweli, madampo yakafungwa, mapipa yakabadilishwa yakawa yale dubu hawezi kufungua, kulisha kukapigwa marufuku na sheria ikasimamiwa. Miaka ya kwanza dubu wengi waliozoea watu waliuawa, hilo ni la kusikitisha na lazima lisemwe, ila leo hii wanaojeruhiwa ni kama mtu mmoja kwa mwaka pamoja na kwamba watalii wameongezeka sana. Dubu ni walewale, kilichobadilika ni tabia ya watu.

Kwa sasa hivi mfundishe mtoto haya: asimkazie macho, asimcheke kwa kuonyesha meno, asikimbie. Kama ameshika kitu na tumbili anakuja, akiachie arudi nyuma polepole akiwa amemwelekea, asimpe mgongo. Na kuanzia leo chakula kisibebwe mkononi wala kwenye mfuko unaoonekana, kiwekwe ndani ya begi lenye zipu.

Nuru77

Mimi naomba nitofautiane kidogo. Tunawalaumu tumbili na huyo mama wakati sisi ndo tumekata msitu tukajenga. Hao viumbe watakula nini? Mtu anayewapa mkate anarudisha kidogo tu katika kile tulichowanyang'anya. Mimi roho inaniuma kweli nikiona mnyama mwenye njaa, alafu naambiwa nimtazame tu.

mlinzi_mstaafu

Nuru, hilo la msitu uko sahihi na sina ubishi nalo hata kidogo, tumewabana. Ila tumbili anayekuja kuchukua mkate mara nyingi hana njaa. Porini anatumia sehemu kubwa ya siku akitafuta matunda, majani machanga, maua, utomvu wa miti, wadudu, kila kimoja kidogo kidogo, na ndo maisha yake, ndo kazi inayomweka mwepesi na ndo namna mbegu zinavyosambaa msituni. Mkate una nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja na haumtoi jasho, kwaiyo atauchagua hata kama mti nyuma yake umejaa matunda.

Alafu kuna jambo watu hawalifikirii, chakula kingi cha bure kinaleta vitoto vingi. Kundi linakua kuliko kile kipande cha msitu kinachoweza kubeba, na siku mlishaji akisafiri au akiugua wanabaki wengi kuliko chakula kilichopo. Mji wa Lopburi kule Thailand ulikuwa unasifika kwa nyani wake wadogo wa jamii ya makaku, watalii wanawalisha, mpaka karamu ya mwaka wanaandaliwa. Machi 2020 utalii uliposimama kwa sababu ya korona, dunia nzima iliona vidio ya mamia ya wale makaku wakipigana katikati ya barabara kugombea chakula. Wakazi wakawa wanaishi nyuma ya nondo na nyavu, maduka yakafungwa, na mwaka 2024 serikali ikaanza kuwakamata na kuwaweka kwenye mabanda. Hao ni wanyama waliopendwa Nuru, hakuna aliyewachukia mwanzoni.

Ukitaka kurudisha tulichowanyang'anya, pigania hicho kipande cha msitu kisikatwe, pigania miti iliyogusana matawi ili wapite juu bila kushuka barabarani. Hiyo ndo huruma inayowafikia.

bata_mzinga

Naongezea kwenye suala la mkate. Hata bata wa porini na mabata bukini wa kwenye mabwawa ya mijini, watu wanawarushia mkate wakidhani wanawasaidia. Vifaranga wanaokua kwa chakula chenye nguvu nyingi kisicho na virutubisho wanaweza kupata ulemavu wa bawa, lile bawa linapinda kuelekea nje badala ya kulala ubavuni, na ikishakomaa hivyo ndege haruki tena maisha yake yote. Na mkate unaobaki unaoza majini na kuleta panya.

Sio mkate tu. Uingereza tangu 2005 kuna ugonjwa wa koo uliowaua ndege wadogo wengi sana, unasambaa wanapokula pamoja kwenye vibao vya chakula vichafu kwenye bustani za watu. Ndege ambao porini wangekula wametawanyika wanajikuta wote wanadonoa sehemu moja yenye mate na kinyesi. Kule kulisha ndege bustanini kumezoeleka, ndo maana wanasisitizwa kuosha vibao na kuondoa chakula kabisa pale ndege wagonjwa wanapoonekana.

shemeji_wa_mtaa

Dada mama_kibustani, wenzangu wamemaliza upande wa wanyama, mimi niseme kuhusu yule mama maana kwetu tuliwahi kuwa na jirani wa namna hiyo (wake walikuwa paka mwitu na nguchiro).

Usimwambie kwenye grupu. Ukimwandika pale mbele ya watu atajisikia amevuliwa nguo, atakataa na atawalisha usiku. Nenda kwake, mkae, muulize habari za hao tumbili wake, mwache aongee mpaka amalize. Utakuta anawajua kuliko mtu yeyote hapo mtaani, nani mama wa nani, nani amezaa, nani mgomvi. Mtu anayeishi peke yake anaposubiriwa kila asubuhi na viumbe wanaomtambua, hicho si kitu kidogo, na ukienda kumwambia aache bila kulielewa hilo unamnyang'anya kampani yake ya pekee.

Alafu mwambie ukweli wote, sio ukweli nusu. Mwambie kuna watu wanazungumzia sumu. Mwambie kuhusu mtoto. Jirani yetu alichobadilikia ni pale alipoelewa kwamba wale wanyama wanatoka kwake wakiwa hawana hofu wanaenda kwa mtu ambaye hawapendi. Hakuacha kuwapenda, aliacha kuwapa chakula, akahamisha kiti chake dirishani akawa anawaangalia na kuandika kwenye daftari. Na sisi tukawa tunapita kumsalimia, hilo naliona lilisaidia kuliko hoja zote.

kijana_wa_taka

Mimi nazoa taka hivyo nitasema ninachokiona kila siku. Mnamsema yule mama peke yake, ila nina uhakika ukipita mtaani kwenu asubuhi utakuta mifuko ya taka imetolewa tangu usiku, imefungwa fundo moja, mabaki ya chakula ndani. Hiyo nayo ni kulisha. Mnyama hajui kama umemkaribisha au umesahau.

Na wanajifunza haraka mno. Kule Sydney kuna kasuku wakubwa weupe, kakatua, walijifunza kufungua mifuniko ya mapipa ya taka, wanaupandisha mfuniko kwa mdomo na mguu alafu wanatembea pembeni ya pipa mpaka mfuniko unaanguka nyuma. Watafiti walifuatilia, kabla ya 2018 tabia hiyo iliripotiwa kwenye vitongoji 3, mwisho wa 2019 ilikuwa kwenye 44, kasuku wanaigana. Watu wakaweka matofali juu ya mifuniko, baadhi ya kasuku wakajifunza kuyasukuma yakaanguka. Sasa kama ndege anaweza, tumbili mwenye vidole mnategemea nini.

Kinachofanya kazi ni pipa gumu lenye mfuniko wa kufunga kwa komeo au kamba ya mpira ngumu, taka zitoke asubuhi ile ile ya kuzolewa na sio jioni, mabaki ya chakula yafungwe peke yake, na pipa likioshwa harufu inapungua. Matunda yaliyodondoka chini ya miti yaokotwe. Chakula cha mbwa na paka kisilale nje. Na mtaa mzima ufanye, maana nyumba moja ikibaki wazi wataendelea kuja.

bundi_rafiki

Naomba sana sana hilo la sumu life leo. Sumu haichagui. Utaweka kwa ajili ya tumbili atakula mbwa wa jirani, atakula mtoto, na kwenye nchi nyingi ni kosa la jinai. Hata ile sumu ya panya inayouzwa madukani, zile aina kali zinakaa kwenye ini la panya muda mrefu, panya anayumbayumba kabla ya kufa, bundi anamwona ni windo rahisi anambeba, na yeye anaanza kuvuja damu kwa ndani. Los Angeles alikuwepo puma mmoja (paka mkubwa wa porini wa Marekani) aliyejulikana sana, walimpa namba P-22, mwaka 2014 alikutwa amedhoofika ana upele mwili mzima na vipimo vikaonyesha sumu ya panya kwenye damu. Puma hakuila mwenyewe, ilimfikia kupitia alichokula. California baadaye wakazibana sumu za aina hiyo. Na mkishawaua bundi na nyoka wanaowala panya, panya watarudi wengi zaidi.

Kuwahamisha nako sio rahisi kama inavyosikika. Unamtoa mnyama eneo analolijua, unamtupa kwenye eneo la kundi lingine, hajui maji yako wapi, wenyeji wanampiga, wengi wanakufa na wengine wanarudi. Na tabia ya kufuata watu anahama nayo. Pale penu nafasi ikiwa wazi na chakula bado kipo, kundi lingine litaingia tu.

mama_kibustani

Jamani asanteni sana, nimesoma yote na nimemsomea mume wangu.

Nilienda kwa yule mama. Nilifanya kama shemeji alivyosema, niliketi nikamwacha aniambie, na kweli anawajua mmoja mmoja, kuna jike mmoja amekatika mkono yule ndo alianza kumwonea huruma. Nilipomwambia habari ya mwanangu alinyamaza, nilipomwambia kuhusu sumu alilia. Alisema hakuna mtu aliyekuja kumwambia, walikuwa wanampigia kelele tu kutoka ng'ambo ya ukuta. Amekubali kuacha. Alichoniuliza ni kama apunguze kidogo kidogo au aache kabisa, na yule aliyekatika mkono itakuwaje. Sikuwa na jibu.

Na kwenye grupu tumekubaliana mapipa, baadhi wanasitasita. Ila tumbili wamekuwa wabaya zaidi kuliko mwanzo tangu aache! Wanagonga mlango wake, wanarusha vitu, leo wameng'oa wavu wa dirisha. Hivi tumekosea?

mlinzi_mstaafu

Hamjakosea, hiyo ndo hatua ngumu na nilipaswa kukuandaa nayo mapema. Mnyama aliyezoea kupata akikosa anaongeza nguvu kwanza kabla ya kukata tamaa, atagonga zaidi, atatisha zaidi. Hapo ndo watu wengi wanashindwa, wanampa kidogo ili anyamaze, na kumbe wamemfundisha kwamba akikasirika zaidi anapata. Baada ya hapo inakuwa ngumu mara mbili. Kwaiyo jibu la swali la mama ni aache kabisa, asipunguze, kwa sababu kupata mara moja moja kunamfanya mnyama ang'ang'anie kuliko hata kupata kila siku. Kwa wiki hizi za mwanzo asitoke asubuhi saa ileile aliyozoea kuwalisha, atumie mlango mwingine kama upo, na asikae nao nje peke yake. Majirani mpeaneni zamu ya kuwa naye.

Yule aliyekatika mkono ataishi. Tumbili wanaopoteza kiungo wanaweza kuishi porini wakitafuta wenyewe, na kama amefika ukubwa huo na mkono mmoja basi ameshajua namna. Mkimwona amedhoofika au ana kidonda kinachooza pigieni idara ya wanyamapori ya eneo lenu, msijaribu kumkamata. Hivyo hivyo kwa kitoto mtakachokikuta chini, mama yake mara nyingi yuko juu anawasubiri muondoke.

Wanaositasita kuhusu mapipa waambieni kuna nchi zimeshafika mahali pa kutoza faini. Singapore tangu Juni 2020 kulisha mnyama yeyote wa porini bila kibali, hata njiwa, faini inaweza kufika dola zao 5,000 kwa kosa la kwanza. Hawakufanya kwa kuwachukia wanyama, wana makaku wengi kwenye kingo za misitu yao na walitaka wabaki huko.

Nuru77

Nimesoma majibu yote na nimeelewa mengi hasa lile la Lopburi. Swali moja la haraka, ikitokea amemng'ata au amemkwaruza mtu je? Nasikia kichaa ni cha mbwa tu.

mlinzi_mstaafu

Sio cha mbwa tu. Watu wengi wanaokufa kwa kichaa walikipata kwa mbwa, Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59,000 kila mwaka duniani, ila mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kukibeba, tumbili, popo, mbweha, nguchiro. Dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa anafariki, lakini kabla ya dalili kinazuilika kabisa.

Kwaiyo hata kama ni mkwaruzo mdogo, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, tazama saa maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji, usifunge kidonda kwa kukibana. Alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, waambie ni mnyama wa porini, watakupa chanjo ya kichaa na wataangalia ya pepopunda, na sindano zote umalize kwa tarehe ulizopewa hata kama kidonda kimeshapona. Usisubiri kuona kama mnyama ataugua. Na mbwa na paka wenu wa nyumbani wote wachanjwe mwezi huu, maana wao ndo wanaokutana na hao wanyama usiku mkiwa mmelala.

mama_kibustani

Asante mzee wangu. Jumamosi tunawapeleka mbwa wa mtaa mzima kwa pamoja, na yule mama amesema paka wake naye aandikwe.